Mtambo wa bei ndogo wa kurikodi TV kwa jamaa wasiojua mambo ya kompyuta: king'amuzi chenye flashi au Raspberry Pi?

Mkaazi wa Fuoni

Asalaam alaykum wanajamvi.

Kuna nyumba tatu hapa Zanzibar nataka nizifungie mtambo wa kurikodi TV, na wenyewe si watu wa kompyuta kabisa. Wanajua kuwasha, kuzima, kupandisha sauti na kubonyeza namba ya stesheni. Wakitoka au wakilala, kipindi chao kibaki, wakirudi wakione. Mtambo wa kumwita mtu kila wiki aje kuurekebisha hautufai.

Nyumba ya kwanza ni fleti ya Michenzani, ghorofa ya tatu. Ni bibi mtu mzima, anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa sababu wakati ule huwa bado yuko kwenye msala, na anataka taarab zinapooneshwa. TV yake ni ya chogo, nyuma ina matundu matatu tu: njano, nyeupe na nyekundu.

Ya pili ni Jambiani, karibu kabisa na pwani. TV ni bapa, ina HDMI. Tamthilia ya mama na kipindi cha watoto vinagongana saa moja usiku, stesheni mbili tofauti. Umeme wa pale hushuka sana magharibi.

Ya tatu iko Wete. Wao wana dishi la kulipia na wanachotaka ni mpira.

Bajeti ni shilingi 150,000 kwa kila nyumba, TV na antena wanazo. Je, ninunue king'amuzi chenye tundu la flashi au nitengeneze kwa Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya bodi moja)? Flashi iwe ya ukubwa gani? Na umeme ukikatika katikati ya kurikodi inakuwaje?

Fundi wa Darajani

Waalaykum salaam. Kabla hujatoa hata shilingi, azima king'amuzi cha T2 (yaani DVB-T2, mfumo wa TV ya dijitali ya antena) kisichofungwa na kampuni yoyote, nenda nacho kila nyumba, ukichomeke kwenye antena yao na ukiskani. Stesheni itakayoonesha picha pale bila kadi utaweza kuirikodi kwa kifaa chochote. Ile itakayoleta alama ya kufuli au ya dola pembeni mwa jina imefungwa, na hakuna flashi wala Pi itakayoifungua. Watu wengi hununua vifaa kwanza halafu wakagundua kipindi walichokitaka kiko kwenye stesheni ya kulipia.

Kwa Michenzani jibu langu ni moja: king'amuzi cha T2 chenye USB, flashi ya GB 64, na UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika). Usimpelekee bibi kompyuta.

Ukinunua king'amuzi, soma boksi. Lazima iandikwe DVB-T2. Kilichoandikwa DVB-T peke yake hakitapata kitu. Kiwe kinasoma MPEG-4 (namna ya kubana picha), na kwa TV ya chogo kiwe na njia ya AV. Vingi vya siku hizi havina matundu matatu ya rangi, vina kitundu kimoja kama cha hedfoni na waya unaogawika mara tatu. Waya hizo zinafanana kwa sura lakini ndani hazikupangwa namna moja. Ukichomeka ukasikia mngurumo na picha hakuna, usirudishe king'amuzi dukani. Zungusha plagi za rangi nyuma ya TV mpaka picha itoke, kisha zitie alama kwa kalamu. Bora zaidi utumie waya uliokuja na king'amuzi chenyewe.

Sasa ukubwa wa flashi. Hesabu yake ni nyepesi: kila megabiti 1 kwa sekunde hula GB 0.45 kwa saa. Stesheni ya kawaida inayokwenda kwa megabiti 2 itakula GB 0.9 kwa saa. Ya HD ya megabiti 6 itakula GB 2.7. Kwa hiyo GB 64 zinabeba saa 70 hivi za picha ya kawaida. Bibi akirikodi dakika 50 kila siku, flashi itajaa baada ya siku 80 na kidogo. Na hapa ujue jambo: ving'amuzi vya bei ndogo havifuti vya zamani wenyewe. Flashi ikijaa vinaacha kurikodi, tena kimya kimya. Ama umfundishe kufuta, ama upite kila baada ya miezi miwili ufute wewe.

Flashi uifomati ndani ya menyu ya king'amuzi, si kwenye kompyuta. Vingi hutumia FAT32, ambayo haikubali faili moja kupita GB 4, kwa hiyo kipindi kirefu cha HD utakikuta kimekatwa vipande kila baada ya saa moja na nusu hivi. Hiyo si hitilafu, vipande vinafuatana. Zima pia ile sehemu ya "Timeshift". Ikiwa wazi, king'amuzi kinaandika kwenye flashi muda wote TV inapotizamwa, na hilo linaichakaza flashi ya bei ndogo.

Tena nakusihi, ijaribu flashi kabla hujaipeleka. Zimejaa zilizoandikwa GB 64 huku ndani mna GB 8. Ukipita ile 8 bado inakubali kuandika, majina ya faili unayaona yote, lakini ukifungua hakuna picha. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia f3: programu inaijaza flashi mpaka mwisho halafu inasoma upya kila kilichoandikwa. Flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua karibu saa 1 na dakika 50 kujaa, na kuisoma ni muda mwengine. Ianze usiku, asubuhi utajua.

Kuhusu umeme nitakujibu kwa jaribio moja, lifanye dukani au nyumbani siku hiyo hiyo uliyonunua. Weka taima ya kurikodi nusu saa mbele. Zima king'amuzi kwa rimoti, kibaki na taa nyekundu. Chomoa plagi, subiri dakika 10, irudishe, usiguse kitu. Saa ikifika uone kama kimerikodi. Vingi vitashindwa, na sababu ni saa: ndani hamna betri ya saa. Umeme ukikatika king'amuzi kinasahau ni saa ngapi, na hujifunza upya kutoka kwenye mawimbi ya stesheni. Sasa kikirudi kwenye taa nyekundu, tyuna yake (sehemu inayonasa mawimbi) imelala, mawimbi hakisomi, saa hakijui, na taima inapita.

Dawa ni mbili. Tafuta kile ambacho umeme ukirudi kinawaka chenyewe (vyengine vina mpangilio huo kwenye menyu), au kiwekee UPS ndogo zile za ruta. Soma adapta ya king'amuzi: ikiwa ya volti 12, UPS ya volti 12 inaingia moja kwa moja, ukihakikisha tundu ni la kipimo kile kile na chanya iko katikati. UPS yenye betri za mAh 8,800 ina kama Wh (wati-saa) 32. Ukitoa upotevu zinabaki 26 hivi. King'amuzi kinachokula wati 8 kitakaa saa tatu. TV yenyewe itazimika, lakini kurikodi hakuhitaji TV.

Kijana wa Mbweni

Fundi amesema kweli kwa Michenzani. Kwa Jambiani ningeangalia Pi, kwa sababu wanataka vipindi viwili kwa wakati mmoja na king'amuzi cha bei ndogo kina tyuna moja.

Lakini kwanza elewa stesheni zinavyosafiri. Kila masafa hubeba furushi la stesheni nyingi pamoja, na tyuna moja ikishika masafa hayo inapata furushi zima. Programu ya Tvheadend inaweza kurikodi stesheni zote za furushi moja kwa kijiti kimoja cha tyuna. Zikiwa katika mafurushi mawili, utahitaji tyuna mbili. Utajua vipi? Kwenye kile king'amuzi ulichoazima, fungua stesheni ya mama, bonyeza "Info" mara moja au mbili mpaka masafa yaonekane, yaandike. Fanya hivyo kwa stesheni ya watoto. Namba zikilingana, furushi ni moja.

Vifaa: Raspberry Pi 4 ya GB 2, adapta yake halisi ya volti 5.1 na ampia 3, kadi ya kumbukumbu ya GB 16 au 32, kijiti cha tyuna, na SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya USB. Usitumie hadidiski ya kuzunguka bila habu yenye umeme wake. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja yamewekewa kikomo cha ampia 1.2, na hadidiski wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia 1 peke yake. Kijiti kikivuta chake, volti zinashuka na diski inajitoa katikati ya kipindi.

Kijiti ndipo watu wanapoumia. Vile vya bei ndogo vyenye chipu ya RTL2832U peke yake vinasoma DVB-T ya zamani tu, T2 haviwezi, hata kama tangazo limeandika "TV ya dijitali". Hauppauge WinTV-soloHD kinafanya kazi kwenye Linux, na ukitaka tyuna mbili ndani ya kijiti kimoja kuna WinTV-dualHD. Ipo pia TV HAT ya Raspberry Pi wenyewe, bodi ndogo ya tyuna inayokaa juu ya pini za Pi.

Weka LibreELEC (mfumo wa uendeshaji wenye Kodi, programu ya kutizamia) kwenye kadi, ndani yake uweke nyongeza ya seva ya Tvheadend na ile ya kuiunganisha na Kodi. Mipangilio unaifanya kwa simu au laptopu kwenye mtandao wa nyumba, poti 9981. Mambo ya kuzingatia:

– Masafa utayaingiza mwenyewe. Katikati ya kila chaneli ya UHF ni 306 + (8 × namba ya chaneli): chaneli ya 21 ni MHz 474, ya 48 ni MHz 690. Upana ni MHz 8. Chagua DVB-T2, si DVB-T. Ikishika mawimbi lakini haioni stesheni hata moja, badilisha sehemu ya PLP (namba ya njia ndani ya masafa yale yale): jaribu 0, halafu 1.

– Usitegemee ratiba ya vipindi inayorushwa na stesheni. Mara nyingi ina kipindi cha sasa na kinachofuata tu, na saa zake huwa hazikai sawa. Weka taima za mkono, uongeze dakika 5 mbele na dakika 15 nyuma.

– SSD uipe jina, tuseme REKODI, na folda ya kurikodia uielekeze huko. Ukitumia Linux ya kawaida badala ya LibreELEC kuna mtego: SSD isipoamka baada ya umeme kurudi, programu inaendelea kurikodi kwenye folda tupu yenye jina lile lile, yaani ndani ya kadi. Kadi ikijaa, mashine haiwaki tena. Kabla hujaunganisha diski, ifunge folda hiyo tupu kwa amri ya chattr +i, isiandikike.

– Weka kiwango cha nafasi ya kubaki, kwa mfano GB 10, na Tvheadend ifute rikodi za zamani yenyewe. Hapo ndipo inapokishinda king'amuzi.

– Pi 4 nayo haina betri ya saa. Inachukua saa kutoka intaneti. Kama nyumba haina intaneti ya kudumu, ongeza kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya CR2032, na kwenye faili la mipangilio la config.txt uandike dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Pi 5 ina saa ndani, betri tu unachomeka.

Rimoti watatumia ya TV yao wenyewe kupitia HDMI, kama TV inakubali CEC (kupeleka amri za rimoti kwa waya wa HDMI). Chomeka kwenye tundu la HDMI lililo jirani na tundu la umeme, si lile la pili.

Fundi wa Darajani

Maelezo mazuri, Kijana wa Mbweni, lakini hesabu vifaa hivyo: Pi, adapta, kijiti, SSD, kipande cha saa, boksi. Haviingii katika 150,000 kwa namna yoyote. Na nyumba ile ikipata tatizo, Jambiani nzima nani ataingia kwenye poti 9981? King'amuzi kikifa, mama anapanda daladala, ananunua chengine, anahamisha flashi, basi, wala si lazima amwite mtu. Kwa wasiojua, kitu kinachobadilishika kirahisi ndicho kitu madhubuti.

Mkaazi wa Fuoni, fanya lile la "Info" kabla hatujabishana zaidi. Ving'amuzi vingi vya tyuna moja vinaruhusu kurikodi stesheni moja huku ukitizama nyengine, mradi zote ziko katika furushi moja. Mama atizame tamthilia yake, cha watoto kijirikodi. Ukiona wakati wa kurikodi orodha inaonesha stesheni chache tu, ndizo hizo za furushi lile.

Bi wa Paje

Nyumba ya Jambiani msianze na mtambo, anzeni na antena. Upande wetu wa mashariki chumvi ndiyo adui. Picha ikikatika vipande vipande kila mtu analaumu king'amuzi, kumbe ukipanda juu konekta imeota kutu ya kijani.

Teremsha antena uitizame kwa karibu. Ile boksi ndogo ya plastiki katikati, ifungue. Skrubu za chuma zilizoshika alumini zinaliwa mahali zinapogusana, kwa sababu metali mbili tofauti zikipata maji ya chumvi zinakuwa kama betri. Weka skrubu za chuma kisichoshika kutu, safisha kwa msasa mpaka metali ing'are, paka grisi ya silikoni, funga. Konekta ya F usitumie ya kuzungusha kwa mkono. Tumia ya kubana kwa koleo lake, kisha izungushie ile tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, uivute wakati wa kuifunga, na juu yake tepu nyeusi ya kawaida kuikinga na jua. Selotepu peke yake inaachia mwezi wa kwanza.

Waya uwe RG6, ule wanaouita waya wa dishi, wa ohmu 75. Kabla haujaingia dirishani uuache uning'inie kidogo chini ya tundu halafu upande, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya mpaka ndani ya king'amuzi. Kipande kimoja mfululizo kutoka juu mpaka chini, bila kuunga.

Mwelekeo angalieni antena za majirani zimelala au zimesimama na zinatizama wapi, muige hivyo hivyo. Kisha fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Utakaoufuata ni wa ubora. Zungusha antena kidogo kidogo, kila ukigeuza subiri sekunde tano, maana mstari unachelewa.

Na busta, kile kikuza mawimbi: usiitie kwa mazoea. Ikiwa nguvu iko juu na ubora unacheza, busta inazidisha ubaya, tyuna inalemewa. Kama inahitajika kweli, ikae juu kwenye antena, si nyuma ya TV. Nyuma ya TV itakuza uchafu ulioingia njiani pamoja na mawimbi. Angalia pia menyu ya king'amuzi, kuna sehemu ya kupeleka volti 5 kwenye antena. Iwe imezimwa kama huna busta ya volti 5, kwa sababu antena nyengine ndani zimeunganishwa moja kwa moja, na ukiiwasha ni shoti: king'amuzi kinatoa onyo na stesheni zote zinapotea.

Umeme kushuka magharibi si jambo la kuogopa kwa king'amuzi. Adapta nyingi zimeandikwa 100–240V na zitafanya kazi hata ukishuka mpaka 150. Kinachoua ni pale umeme unaporudi kwa kishindo. Tieni kile kikinga kinachochelewesha kuwasha, kama cha friji, TV na king'amuzi vyote vipitie hapo. Masika kukiwa na radi, chomoeni plagi na waya wa antena pia. Kuchomoa plagi peke yake hakutoshi.

Mpemba wa Wete

Kuhusu nyumba ya huku kwetu: usitumie pesa yoyote. Mpira wa kwenye dishi la kulipia umefungwa, na kinachoufungua ni king'amuzi cha kampuni yenyewe pamoja na malipo yao. Angalia kama king'amuzi chao kina tundu la USB na kama menyu ina sehemu ya kurikodi. Ikiwepo, nunua flashi au SSD tu, na uwaambie mapema kwamba kwa kawaida rikodi zile zinafunguka kwenye king'amuzi kile kile pekee. Ukiipeleka flashi kwa jirani, haioni kitu.

Vile viboksi vya kunasa picha kutoka kwenye HDMI havitasaidia, njia ile ina kufuli lake la HDCP na utapata skrini nyeusi. Wapo watakaokwambia kuna namna ya kulipita. Usimfungie mtu nyumbani kitu cha namna hiyo. Na hata za stesheni za bure, kurikodi akatizama mwenyewe nyumbani ni jambo moja, kunakili na kuuza ni jengine. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003, na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo.

Jambo jengine kwa nyumba za TV bapa: fungua menyu ya TV yenyewe. Nyingi zina tyuna ya T2 ndani na kitufe cha kurikodi kwenye USB. Ubaya wake ni kwamba TV itaifomati flashi kwa namna yake na kuifunga, isomeke hapo tu. Usiingize flashi yenye picha za harusi ya mtu.

Mkaazi wa Fuoni

Ahsanteni sana. Nimeyafanya.

Jambiani, "Info" inaonesha masafa yale yale kwa stesheni zote mbili. Kwa hiyo king'amuzi kinatosha. Antena imeteremshwa, boksi lake lilikuwa na kutu kama alivyosema Bi wa Paje. Baada ya kusafisha ubora umetoka 40 mpaka 75.

Michenzani nimefanya jaribio la plagi. Bila UPS kimeshindwa, taima imepita. Pamoja na UPS kimerikodi, lakini mambo mawili yamenishangaza. La kwanza, saa ya king'amuzi iko nyuma kwa saa tatu. Nikiirekebisha kwa mkono inakaa sawa, nikichomoa vyote inarudi kosa. La pili, usiku wa kwanza taima ya habari ya bibi, si ile ya jaribio, ilifanya kazi, ikahamia kwenye stesheni ya habari, lakini kwenye flashi hamna faili.

Fundi wa Darajani

La saa: usiipange kwa mkono, utaipoteza kila mara. Iache ichukue kutoka kwenye mawimbi, halafu tafuta mpangilio wa GMT au kanda ya saa na uiweke +3. Kama ilikuwa 0 ndiyo maana iko nyuma kwa saa tatu. Ikiwa siku moja utakuta imezidi saa tatu, basi stesheni ndiyo iliyobadilisha inavyorusha, nawe utarudi kwenye 0. Linganisha na simu yako kila ukipita kufuta faili.

La pili, fungua taima ile ile uitizame vizuri. Kuna mstari wa kuchagua kazi yake: kutizama au kurikodi. Vingi huanza na kutizama, maana yake ni kuhama stesheni tu. Badilisha iwe "Record", marudio yawe ya kila siku, uhifadhi.

Na liko la tatu ambalo hujakutana nalo bado. Bibi akiwa anatizama stesheni nyengine wakati taima inakaribia, onyo litatokea kwenye skrini kuuliza kama king'amuzi kihame. Mtu asiyejua anabonyeza "Exit" ili liondoke, na hapo amefuta rikodi ya siku ile. Mwambie onyo likija aliache lilivyo.

Kijana wa Mbweni

Nakubaliana na king'amuzi kwa nyumba zote mbili, Pi haihitajiki hapa.

Nyongeza moja ya saa. Bibi akisema saa mbili usiku, taima inataka 20:00. Siku akitaka kuongeza kipindi mwenyewe ataandika 02:00, na kitarikodi usiku wa manane. Mwandikie karatasi ya saa zile anazozitumia: saa kumi na mbili jioni ni 18:00, saa moja usiku 19:00, saa mbili 20:00, saa tatu 21:00, saa nne 22:00. Usimwandikie kanuni ya kujumlisha na kutoa sita.

Bi wa Paje

Na rimoti. Ziba vitufe vyote asivyovihitaji kwa tepu nyeusi, khasa kile cha menyu na kile cha kubadilisha aina ya picha. Acha cha kuwasha, sauti, namba, mishale, OK na Exit. Kitufe cha kufungua orodha ya rikodi kitie tone la rangi ya kucha nyekundu. Karatasi iwe na maneno haya tu, kwa herufi kubwa:

KUONA HABARI ZA JANA: bonyeza chenye tone jekundu. Shuka kwa mshale mpaka tarehe unayoitaka. Bonyeza OK.
KURUDI KWENYE TV: bonyeza Exit mara mbili.
USICHOMOE FLASHI.

Ibandike ubavuni mwa TV. Nyuma ya rimoti itapotea siku ya kubadilisha betri.